Teknetiamu: Jina Lake, Jiwe Letu na Foto ya Mifupa



Kwenye dispansari tunaulizwa sana juu ya mionzi. Mmoja anauliza kama foto ya kifua inapunguza damu. Mwingine anauliza juu ya ile alama ya manjano yenye mabawa matatu iliyobandikwa kwenye bomba la matope kule kiwandani. Mwingine tena, mwenye ndugu Likasi, anauliza juu ya mawe ya Shinkolobwe. Maswali haya ni mazuri, lakini huwezi kuyajibu sawasawa mlangoni, na watu arobaini wanangoja kwenye mstari. Kwa hiyo mwezi huu ukurasa wetu unazungumza juu ya kitu kimoja chenye kutoa mionzi. Wengi hawajui jina lake, lakini kila mwaka kinaingia katika miili ya mamilioni ya wagonjwa duniani. Kinaitwa teknetiamu. Katika vitabu kinaandikwa kwa herufi mbili: Tc.

Kwanza nitaeleza kwa nini nimechagua hicho.

Si zamani sana, fundi mmoja wa mashini ya kuvunja mawe alikuwa na maumivu ya paja, juu, karibu na nyonga. Maumivu yalikuja akitembea, yakapungua akilala. Foto ya kawaida ilipigwa mara mbili na haikuonyesha kitu. Kapita wake akaanza kusema kwamba mtu huyu anatafuta siku za kupumzika. Mwishowe dokta alimwandikia karatasi aende nje ya nchi, kwenye hospitali yenye mashini ya kupiga foto ya mifupa kwa teknetiamu. Huko ikaonekana: ufa mwembamba katika mfupa wa paja, ufa ambao foto ya kawaida haikuweza kuuona. Kama angeendelea kupanda na kushuka ngazi za mashini, mfupa ungeweza kukatika kabisa.

Hiyo ilikuwa habari njema. Lakini fundi alirudi na karatasi, na mtoto wake wa sekondari akasoma juu yake neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kinachotoa mionzi. Usiku uleule kambi nzima ilijua. Jirani mmoja alisema wamemtia dawa ya bomu. Bibi yake akachukua watoto watatu, akaenda kwa mama yake. Sahani na kikombe cha bwana vikatengwa pembeni. Na haya yote yalifanyika siku nne baada ya sindano! Fundi alikuja dispansari peke yake, akaketi kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaondoka. Akasema: "Mganga, ufa wa mguu wangu mmeuona. Ufa wa nyumba yangu nani atauona?"

Tulimwita mama mwenyewe. Alikuja kesho yake, na aliuliza neno moja tu: "Mganga, ninyi mnavaa nguo ya risasi mkipiga foto. Mume wangu mlimtia mionzi ndani ya damu. Watoto wangu watavaa nini?"

Ndugu, swali hili si la ujinga. Ni swali la mtu mwenye kufikiri, na watu wengi wenye diploma hawaliulizi. Ili kulijibu lazima tujue kitu chenyewe ni nini, na kilitoka wapi.

Ninyi watu wa migodi mnajua elementi kuliko watu wengine, hata kama hamtumii neno hilo. Shaba ni elementi. Kobalti ni elementi. Zinki, chuma, risasi, dhahabu, kila moja ni elementi. Mkisaga jiwe, mkaliosha, mkalitia katika asidi, mkalipitisha kwenye umeme, mwishowe mnapata shaba safi, na shaba hiyo hamwezi kuitenganisha tena ikawa vitu viwili. Hiyo ndiyo elementi. Mwaka 1869 mtaalamu wa Urusi jina lake Mendeleev alizipanga elementi zilizojulikana katika orodha moja, kama vile kapita anavyopanga majina ya timu yake. Leo orodha hiyo inafuata namba. Chuma ni namba 26, kobalti ni 27, shaba ni 29, uraniamu ni 92. Lakini katika orodha kulikuwa na pahali patupu. Mendeleev alisema kwamba pale patajazwa siku moja. Pengo moja lilikuwa namba 43.

Watu walilitafuta pengo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1925 wataalamu watatu wa Ujerumani walitangaza kwamba wameipata namba 43 katika mawe, wakaipa jina la masuriamu, kwa ajili ya jimbo moja la nchi yao. Wengine walijaribu kuiona, hawakuiona. Jina likabaki bila kitu. (Watatu hawa si watu wa kuchekwa: wakati uleule walipata namba 75, reniamu, na hiyo ni ya kweli mpaka leo.)

Sababu ya kutoipata inaeleweka leo. Elementi namba 43 haidumu. Kila aina yake inatoa mionzi na kugeuka kuwa kitu kingine. Dunia yetu ina umri wa miaka kama bilioni 4 na nusu. Aina ya teknetiamu inayodumu zaidi inapungua nusu kila miaka milioni 4 hivi. Kwa hiyo teknetiamu yote iliyokuwa katika dunia mwanzoni ilikwisha kabla mtu hajazaliwa. Ilikuwa kama kutafuta barafu ya jana juu ya bati la nyumba saa sita ya mchana.

Sasa twende Italia, kwenye kisiwa cha Sicily, katika mji wa Palermo. Hapo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu jina lake Emilio Segrè, kijana bado, mwenye umri kama wangu mimi ninayeandika hapa. Chuo chake hakikuwa na mashini kubwa. Lakini mwaka 1936 alitembelea Marekani, Berkeley, akaona mashini ya Ernest Lawrence inayotupa chembe ndogo sana kwa nguvu kubwa. Ndani ya mashini hiyo kulikuwa na kipande cha bati la molibdeni kilichopigwa na chembe hizo miezi mingi. Kwa watu wa Berkeley kilikuwa chuma cha kutupwa. Segrè alijua hesabu: molibdeni ni namba 42. Ikipigwa, ikameza chembe moja ya kuongeza namba, itakuwa 43. Mwanzo wa mwaka 1937 Lawrence alimtumia kipande hicho kwa posta, ndani ya bahasha.

Huko Palermo, Segrè na mwenzake Carlo Perrier, mwalimu wa mambo ya mawe, walikiyeyusha kipande hicho na kukitenganisha kwa dawa, hatua kwa hatua. Watumikaji wa kiwanda cha asidi watawaelewa vizuri hawa: ni kazi ya namna ileile ya kutoa kobalti kutoka katika maji ya shaba, lakini wao walitafuta kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Waliifuata mionzi yake tu. Mwaka uleule wa 1937 walisema: hii ndiyo namba 43. Ilikuwa elementi ya kwanza kutengenezwa na watu.

Jina halikuja mara moja. Wakubwa wa chuo walitaka iitwe panormiamu, kwa sababu Panormus ni jina la zamani la Palermo katika Kilatini. Wenyewe wawili hawakukubali haraka, na halafu mambo ya siasa yakaingia. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria za kuwafukuza Wayahudi kazini. Segrè alikuwa Myahudi. Alikuwa Berkeley wakati huo, akapoteza kazi yake ya Palermo, akabaki Marekani. Mwaka 1947 tu jina lilitolewa: teknetiamu, kutoka neno la Kigiriki *tekhnetos*, maana yake kitu kilichofanywa kwa ufundi, kwa akili na mikono ya mtu. Sisi hapa tungesema "cha mayele".

Na watu wengi hapo ndipo wanapotea. Wanasikia "kilichofanywa na watu" na "mionzi" pamoja, na wanasema: basi, hiki ni kibaya, vitu vya udongo ni vyema kwa sababu Mungu ndiye aliyeviweka. Sasa sikilizeni jambo lililotokea mwanzo wa miaka ya 1960.

Mtaalamu mmoja aliyezaliwa Japani, Paul Kuroda, alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani. Yeye na mwenzake Kenna walichukua jiwe zito jeusi lenye uraniamu nyingi, jiwe lililotoka Kongo. Walifikiri hivi: chembe ya uraniamu mara chache sana inapasuka yenyewe, bila kupigwa na mtu. Ikipasuka, inaacha vipande viwili, na kipande kimoja kinaweza kugeuka kuwa molibdeni, na molibdeni hiyo ikawa teknetiamu. Kama ni kweli, lazima teknetiamu kidogo iwe ndani ya jiwe. Walilisaga, wakaliyeyusha, wakatafuta. Wakaipata. Katika jiwe la kilo kama 5 walipata kiasi cha gramu moja iliyogawanywa mara 1.000.000.000. Ni kidogo kuliko kitu chochote mnachoweza kufikiri, lakini ilikuwamo.

Kwa hiyo elementi iliyopewa jina la "iliyofanywa na watu" ilikuwa imelala ndani ya jiwe la nchi yetu siku zote, ikizaliwa na kufa polepole, hata kabla ya Segrè kupata bahasha yake. Jina halikubadilishwa. Na wataalamu wa nyota walikuwa wamekwisha kuiona mbali zaidi: mwaka 1952 Paul Merrill alitambua alama yake katika mwangaza wa nyota fulani za rangi nyekundu.

Ninafurahi kila ninapowaeleza vijana habari hii. Lakini siwaelezi ili tujivune tu. Mgodi uliotoa hasa mawe ya namna ile katika Kongo ni Shinkolobwe, karibu na Likasi. Jiwe hilo lina kitu kingine pia, kilichomo kwa wingi zaidi na kilichojulikana mapema zaidi: radiamu. Wazungu waliona mawe ya Shinkolobwe mwaka 1915, Union Minière ikaanza kuyachimba mwaka 1921, na tangu mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa radiamu ndani yake. Uraniamu wakati ule ilikuwa kama takataka ya radiamu. Baadaye, mwaka 1940, tani kama 1.200 za mawe hayo zilipelekwa New York, na mnajua yaliyotokea Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mawe yalichaguliwa kwa mikono.

Sasa linganisheni vitu hivi viwili, radiamu na teknetiamu. Radiamu haikufanywa na mtu. Ni ya udongo, ni ya asili. Mtu akiimeza au akiivuta pamoja na vumbi, mwili unadhani ni chokaa ya mifupa, unaiweka ndani ya mifupa. Huko inakaa, inapiga mfupa na damu inayotengenezwa ndani yake. Inapungua nusu kila miaka 1.600. Mtu atazeeka, atakufa, atazikwa, na mifupa yake itaendelea kutoa mionzi kaburini.

Teknetiamu ya hospitali pia inakwenda kwenye mifupa, kwa sababu inafungwa pamoja na dawa ya fosfati ambayo mifupa inaipenda. Hasa inakwenda pahali ambapo mfupa unajitengeneza upya: kwenye ufa, kwenye uvimbe, kwenye pahali palipoingiwa na kansa. Ndiyo maana ilionyesha ufa wa fundi wetu. Lakini aina hii ya teknetiamu inapungua nusu kila saa 6. Si miaka. Ni saa.

Chukueni sahani yenye karanga 16. Sindano ikipigwa saa mbili ya asubuhi, saa nane ya mchana zimebaki 8. Saa mbili ya usiku zimebaki 4. Saa nane ya usiku, 2. Kesho asubuhi saa mbili, moja. Na hapo sijahesabu zile zinazotoka na mkojo, nazo si chache. Siku ya nne, siku ambayo mama yule alibeba watoto wake, hakukuwa tena na karanga. Ukizikata karanga zile 16 kila moja vipande elfu, hata kipande kimoja hakikubaki.

Mama aliposikia hesabu ya karanga aliihesabu tena mwenyewe kwa vidole, polepole, kisha akauliza: "Na nguo ya risasi?" Hapa pia jibu ni rahisi. Sisi wa foto tunavaa nguo ya risasi kwa sababu tunapiga foto leo, kesho, kila siku, miaka ishirini. Mgonjwa anapata mara moja kwa sababu ya ugonjwa wake. Dunia yenyewe inampa kila mtu mionzi, kutoka udongoni, angani, hata katika chakula: kwa wastani wa dunia nzima ni 2,4 kwa mwaka, katika kipimo kinachoitwa milisiveti. Foto ya mifupa kwa teknetiamu inampa mgonjwa kama 4 au 5, yaani mionzi ya miaka miwili ya kukaa tu duniani. Mtumikaji wa kazi ya mionzi haruhusiwi kupita wastani wa 20 kwa mwaka. Mtu wa nyumbani anayekaa na mgonjwa anapata sehemu ndogo sana ya ile ya mgonjwa, na siku ya kwanza tu. Watoto walirudi nyumbani Jumamosi ile.

Mwerevu mmoja ataniuliza: baada ya kutoa mionzi, teknetiamu hiyo inageuka nini? Inageuka teknetiamu ya namna nyingine, inayodumu sana lakini yenye mionzi dhaifu na kiasi kidogo mno, na mwili unaitoa. Hilo halimsumbui mganga.

Sasa, kama inakwisha haraka hivyo, inawezaje kufika hospitali? Hapa kuna ufundi wa kupendeza. Hawaleti teknetiamu. Wanaleta mama yake, ile molibdeni ya mionzi, inayopungua nusu kila saa 66. Mama anakaa ndani ya chombo kizito cha risasi, na kila siku anazaa teknetiamu. Asubuhi fundi wa hospitali anapitisha maji ya chumvi safi ndani ya chombo. Maji yanachukua binti, yanamwacha mama. Kesho anapitisha tena. Wenyewe wanakiita chombo hicho ng'ombe, na kazi hiyo wanaiita kukamua. Njia hii ilianzia Brookhaven, Marekani, mwisho wa miaka ya 1950. Baada ya wiki moja hivi ng'ombe amekauka, wanaleta mwingine kwa ndege. Ndiyo sababu si kila hospitali inaweza kuwa nayo: ndege ikichelewa siku tatu, nusu ya maziwa imekwisha njiani. Mwaka 2009 na 2010 mitambo miwili mikubwa iliyokuwa ikitengeneza molibdeni hiyo, mmoja Kanada na mmoja Uholanzi, ilisimama kwa matengenezo, na hospitali za nchi tajiri zikakosa teknetiamu. Wagonjwa wakangoja foto zao.

Wewe mtumikaji, au bibi yako, mkitumwa kwa foto ya namna hii, mambo yatakuwa hivi. Utapigwa sindano moja kwenye mkono, kama sindano nyingine. Haichomi, haitoi usingizi. Utangoja saa mbili mpaka nne, na utaambiwa unywe maji mengi. Kunywa kweli, na nenda chooni mara kwa mara, kwa maana kila mkojo unapunguza mionzi mwilini. Halafu utalala juu ya meza, na mashini itapita juu yako polepole. Mashini hiyo haitoi mionzi yoyote. Inapokea tu ile inayotoka kwako, kama sikio. Siku ile nawa mikono vizuri ukitoka chooni, na usimbebe mtoto mchanga kifuani muda mrefu. Kula na wenzako. Kulala na bibi yako si kosa. Kesho yake endelea na maisha.

Jambo moja msilifiche: mwanamke mwenye mimba, au anayedhani ana mimba, aseme kabla ya sindano. Anayenyonyesha pia aseme, naye ataambiwa kama angoje, na muda gani. Nimeona wamama wanaona haya kusema mbele ya mtu wasiyemjua. Semeni.

Nimesema mengi ya kuwaondolea hofu. Sasa nataka kuirudisha kidogo, lakini pahali pake.

Alama ya manjano yenye mabawa matatu kwenye bomba la matope si ya teknetiamu. Ndani ya kile kiboksi kizito kunakuwa mara nyingi na sesiamu, namba 137 kwa uzito wake, kitu kingine kinachotengenezwa na watu katika mitambo. Mionzi yake inapita katika bomba na kumwambia mtu wa mashini kama matope ni mazito au mepesi. Kikiwa kimefungwa, na watu wakifuata masharti, ni chombo cha kazi kama vingine. Lakini sesiamu inapungua nusu kila miaka 30. Kiwanda kikifungwa, vyuma vikiuzwa, kiboksi kikibaki bila mwenyewe, yeye bado yumo ndani, mwenye nguvu.

Mwaka 1987, Goiânia, nchi ya Brazil, watu wawili waliingia katika kliniki iliyoachwa wakachukua chuma kizito ili wakiuze. Ndani kulikuwa na sesiamu. Mnunuzi wa vyuma aliona unga unaong'aa rangi ya bluu gizani, akaushangaa, akawagawia ndugu na marafiki. Wengine walijipaka. Mtoto wa kike wa miaka 6 alikula chakula akiwa na unga huo mikononi. Watu 4 walikufa, na yeye mmoja wao. Watu 249 walikutwa na unga huo mwilini au juu ya ngozi, na zaidi ya 112.000 walipimwa. Hakuna aliyekuwa mwovu kati yao. Hawakujua alama tu, au alama ilikuwa imetoka.

Kwa hiyo ninyi mnaokata vyuma vya zamani kwa moto wa gesi, na ninyi mnaonunua vyuma kando ya barabara: chuma kidogo lakini kizito kuliko kawaida, chenye umbo la ngoma au la boksi nene la risasi, hata kama hakina alama, kiacheni pale kilipo. Ondokeni, wazuieni watoto, iteni watu wa usalama wa kazi. Msikipige nyundo mpate kuona ndani.

Na juu ya Shinkolobwe, kwa sababu najua kuna vijana waliopita huko: mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini wachimbaji wa mikono walirudi kutafuta kobalti. Mwezi wa Januari 2004 Rais alitoa amri pafungwe. Mwezi wa Julai mwaka uleule shimo liliporomoka, likaua watu wasiopungua 8. Kuporomoka kunaua siku moja. Vumbi la jiwe lile na hewa ya radoni inayotoka ndani yake vinaua polepole, baada ya miaka, kwa kansa ya mapafu, na hakuna anayeandika mgodi ule kwenye karatasi ya kifo. Kati ya vitu vinavyoleta kansa ya mapafu, katika nchi nyingi tumbako ni ya kwanza, radoni ni ya pili. Mtu anayevuta sigara chini ya udongo wenye radoni anajumlisha vyote viwili. Kobalti safi inayotoka kiwandani kwetu haitoi mionzi. Msichanganye na ile kobalti 60, inayotengenezwa katika mitambo na kutumiwa kuchoma kansa. Lakini jiwe usilolijua, jeusi, zito kupita kiasi, lenye ngozi ya manjano au ya kijani kama ukoga, usiliweke chini ya kitanda ukingoje mnunuzi. Watoto wanalala juu yake miezi.

Kuna mtu aliniuliza juzi: basi, kitu kikiwa na mionzi, niulize nini? Usiulize kama kilifanywa na Mungu au na mtu. Uliza jina lake hasa, maana "mionzi" peke yake si jina. Uliza kinapungua nusu kwa muda gani. Uliza kama kiko nje ya mwili, kimefungwa, au kama kinaweza kuingia kwa mdomo na pua. Na uliza kinakwenda wapi mwilini. Anayekupa sindano lazima aweze kukujibu. Akikasirika, mwulize tena.

Jumanne ya pili ya mwezi, saa nane ya mchana, tutakuwa katika sali ya dispansari pamoja na mtu wa usalama wa kazi, naye ataleta kiboksi kitupu cha kipimo cha bomba ili kila mtu akishike na kuona uzito wake. Waliokwisha kupigwa foto nje ya nchi walete karatasi zao. Tutazisoma pamoja, neno kwa neno, katika Kiswahili. Wamama wenye watoto wadogo wataketi mbele.